SOMO: Sekretere hapaswi kujua neno lako la siri

Namna ya kulinda maneno ya siri katika daftari ya koperative iliyo mu ordinatere



Mumezoea kunisoma hapa nikizungumza juu ya kukausha mahindi, kuchagua vijiti vya muhogo visivyo na ugonjwa, na kulinda karanga zisishikwe na kuvu. Leo tunabaki ku depo, lakini tunaingia kwa mulango mwingine. Koperative zingine hapa Kalemie, kando ya ziwa na pembeni ya Lukuga, zimeanza kuandika mifuko ya memba, mikopo ya mbegu na feza za akiba katika ordinatere. Ni jambo zuri. Daftari ya karatasi inalowa, inaliwa na panya, na kurasa zake zinaweza kunyofolewa. Lakini ordinatere nayo iko na panya wake.

Mimi nilisoma kilimo, sikusoma ordinatere. Mambo haya nilijifunza kwa lazima, sababu ya kesi moja. Nitaanza na kesi hiyo.

Mifuko 14 na jina la mama mumoja

Katika koperative moja ambayo sitaitaja, kisha mavuno ya mahindi, hesabu ya depo haikulingana. Mifuko 14 ilikosekana. Komite ilifungua ordinatere. Daftari ikaonyesha: mifuko 14 imetoka, siku ya Yenga, saa moja ya usiku. Na pembeni, jina la mutu aliyeandika: mama mutunza depo.

Mama akasema: « Ile siku nilikuwa nyumbani, mutoto alikuwa mugonjwa. Sikugusa hata ile mashine. » Wengine wakamujibu: « Lakini mashine haina urafiki na mutu. Imeandika jina lako. »

Waliniita juu nilikuwa ninafuata koperative hiyo kwa mambo ya mbegu. Nilikuja na kijana fundi aliyeandika ile programu. Nilimuuliza: maneno ya siri ya watu munayaweka wapi? Akafungua faili huku anashika kifinyo cha Shift, ukurasa wa kuingilia ukarukwa, na tablo zote zikaonekana. Moja iliitwa « Watumiaji ». Upande wa kushoto, majina nane. Upande wa kuume, maneno ya siri nane, yameandikwa wazi kama bei za soko kwenye ubao.

La mama mutunza depo lilikuwa jina la mutoto wake wa kwanza na mwaka wa kuzaliwa. Aliangalia kioo, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: « Na ule mwaka njo kode ya telefone yangu, pale feza zangu ziko. »

Kwa hiyo kila mutu aliyepata kukaa mbele ya mashine ile aliweza kuingia kwa jina lake na kuandika kitu chochote. Mandishi ya mashine hayakuweza kumuhukumu, na hayakuweza kumusafisha pia. Kilichomusaidia ni karatasi: hakukuwa na boni ya kutoka yenye sahihi kwa mifuko ile 14. Komite iliandika katika ripoti ya mukutano kwamba jina katika mashine haliko ushuhuda. Aliyebeba mifuko hajajulikana mpaka leo.

Mumeona? Watu wengi wanafikiri neno la siri ni la kulinda mashine. Hapana. Linalinda jina la mutu. Likiwa wazi, mwizi anapata nguo ya kuvaa, na mwenye haki anakosa namna ya kujitetea.

Nyota katika kioo hazilindi kitu

Kijana fundi hakuwa mutu mubaya. Alijitetea hivi: « Lakini mutu akiandika neno lake, kioo kinaonyesha nyota tu. » Ni kweli. Zile nyota zinazuia mutu aliyesimama nyuma yako asisome. Lakini chini, katika tablo, neno linabaki vile vile, herufi kwa herufi. Ni kama kufunika sufuria kwa kitambaa: harufu haionekani, lakini anayefunua anakula.

Na tusimucheke. Wakubwa waliangukia shimo hilo hilo. Mwaka 1966, katika chuo cha MIT kule Marekani, faili mbili zilibadilishana nafasi kwa kosa la programu, na kila aliyeingia katika mashine akasomeshwa orodha ya maneno ya siri ya watu wote badala ya tangazo la siku. Mwaka 2009 kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32. Yote yalikuwa yameandikwa wazi. Lililotumiwa na watu wengi zaidi lilikuwa 123456.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: neno la siri la mutu haliandikwi katika baze ya data hata kidogo. Sasa mutauliza: kama mashine haikuandika neno langu, itajua namna gani kama ni mimi? Jibu liko katika kinu.

Kinu: kutwanga bila kurudi nyuma

Mama zetu wanajua hii kuliko mimi. Ukichukua muhogo mukavu, ukautwanga na kuuchekecha, unapata unga. Je, unaweza kuchukua unga na kurudisha muhogo, na urefu wake na matawi yake? Haiwezekani. Njia iko moja tu, ya kwenda.

Wenye elimu ya hesabu walitengeneza kinu cha namna hiyo kwa maneno. Kazi yake inaitwa hashi. Unatia neno, inatoka safu ya herufi na namba isiyo na maana kwa macho. Na kinu hiki kina tabia moja ambayo kinu cha mbao hakina: neno lilelile linatoa siku zote unga uleule, herufi kwa herufi. Ukibadilisha herufi moja tu, unga unabadilika wote.

Basi kazi inakwenda hivi. Siku unaandikishwa, mashine inatwanga neno lako, inaweka unga, na neno lenyewe inalitupa. Kesho ukija, unaandika neno lako, mashine inalitwanga tena, inalinganisha unga wa leo na ule wa jana. Ukilingana, karibu. Usipolingana, mulango umefungwa. Mashine inakutambua pasipo kuchunga neno lako.

Wengine wanauliza: si tunaweza kulifunga neno katika sanduku lenye kufuli? Hiyo ni kazi nyingine. Kufuli ina ufunguo, na mwenye ufunguo anafungua na kusoma. Ni vizuri kwa vitu munavyohitaji kuvisoma tena, kama namba za telefone za memba. Lakini neno la siri hakuna anayehitaji kulisoma tena. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe iliibiwa maneno ya siri yaliyofungwa kwa namna ya kufuli, yote kwa ufunguo mumoja. Watu wenye neno sawa walionekana sawa katika orodha, na pembeni kulikuwa na vidokezo ambavyo watu wenyewe waliandika ili wakumbuke. Wenye kusoma vidokezo waliweza kukisia maneno mengi pasipo kutafuta ufunguo. Neno la siri linatwangwa, halifungwi.

Chumvi: kila chungu na yake

Sasa sikilizeni hatari ya pili. Kuna kinu cha zamani kiitwacho MD5. Ukitia 123456, kila mahali duniani kinatoa unga huu:

e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e

Mwizi hana haja ya kurudisha unga kuwa muhogo. Anatwanga mbele maneno mamilioni ambayo watu wanapenda: 123456, majina ya watoto, majina ya timu, miaka ya kuzaliwa. Anaandika orodha: neno hili, unga huu. Siku anaiba tablo yenu, analinganisha tu. Kama watu watatu wa komite wana unga sawa, anajua pia kwamba wana neno sawa.

Dawa yake ni chumvi. Mbele ya kutwanga, mashine inachukua herufi chache za bahati nasibu, inazichanganya na neno. Kila mutu anapata chumvi yake, na chumvi inaandikwa pembeni ya unga, haiko siri. Hata kama Baba Prezida na Mama Mutunza-feza wote wawili wamechagua neno « mahindi », unga wao hautafanana, na orodha ya mwizi iliyotwangwa mbele haina faida tena. Lazima aanze upya kwa kila mutu, mumoja mumoja.

Shauri hili la chumvi si la jana. Robert Morris na Ken Thompson waliliandika mwaka 1979. Lakini mwaka 2012 kampuni kubwa ya LinkedIn ilionekana imesahau chumvi: hashi zaidi ya milioni 6 zilitupwa hazarani, na nyingi zilifunguliwa upesi. Fundi wenu akisema « ninatumia hashi », musimame hapo kidogo, mumuulize: « Na chumvi? »

Kutwanga polepole

Hatari ya tatu ni mbio. Vinu vya zamani kama MD5 na SHA-1 vilitengenezwa ili viende upesi. Mashine ya siku hizi inaweza kutwanga mamiliari ya maneno kwa sekonde moja kwa vinu hivyo. Hii ni faida kwa mwizi, si kwenu.

Fikiri tena mama anayetwanga. Bakuli moja ya unga kwa bukari ya jioni haimuchokeshi. Lakini mwambie atwange mabakuli milioni moja mbele ya jua kutua! Tunataka kinu cha namna hiyo: kisimuchokeshe memba anayeingia mara moja kwa siku, lakini kimuvunje mugongo mwizi anayejaribu mara milioni.

Vinu vya namna hiyo viko, na ni bure. Kimoja kinaitwa bcrypt, kilitolewa mwaka 1999. Kina namba ya uzito ambayo fundi anaichagua. Uzito 12 maana yake kutwanga mara 4.096, ukipandisha kwa moja tu, kazi inakuwa mara mbili. Kingine ni Argon2, kilichoshinda mashindano ya vinu vya maneno ya siri mwaka 2015. Hiki kinadai pia nafasi kubwa ya kumbukumbu, kusudi mwizi asiweze kupanga vinu elfu pamoja kwa bei ndogo. Fundi aweke uzito ambao mashine yenu inatumia kama robo ya sekonde kwa neno moja. Memba hataona hata kuchelewa.

Hesabu ya kode ya namba 4

Hapa niseme ukweli wote, juu kinu kizuri hakiokoi neno baya. Tuchukue kinu cha robo ya sekonde, na tuhesabu pamoja kwa mwizi aliyeiba tablo.

Kode ya namba 4 inaanzia 0000 mpaka 9999. Ni kode 10.000. Kwa robo ya sekonde kila moja, ni sekonde 2.500, yaani dakika 42 hivi, na amejaribu zote. Kama mashine yake inapita yenu mara 100, ni sekonde 25.

Mwaka wa kuzaliwa, kuanzia 1940 mpaka 2010, ni namba 71 tu. Kwa mashine ya kawaida haifiki sekonde 18. Sufuria ya maji haijaanza hata kutoa moshi.

Neno la herufi ndogo 8 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu lina njia zaidi ya miliari 208. Kwa robo ya sekonde, ni miaka zaidi ya 1.600. Kwa mashine yenye mbio mara 100, bado ni miaka 16.

Kwa hiyo, kwa programu ya koperative, musikubali kode ya namba 4. Ombeni neno la herufi 8 kwenda juu, na refu zaidi ni bora. Namna rahisi ni kuunganisha maneno manne yasiyo na ujamaa, kama: jembe-mvua-kuku-reli. Lakini musichukue hili nililoandika hapa, sababu sasa limekuwa la watu wote. Na musichukue methali wala jina la mutoto.

Zaidi ya yote: kode ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money isitumiwe mahali pengine popote. Ukiitumia katika programu ya koperative, aliyeiba tablo ya koperative ameiba pia mufuko wako.

Maswali 6 ya kumuuliza fundi

Komite haina lazima ya kujua kuandika programu, kama vile hauna lazima ya kujua kutengeneza pompi ili ujue kama inapiga dawa. Mwiteni fundi mbele ya komite, afungue tablo ya watumiaji, na mumuulize haya:

1. *Tuonyeshe yaliyoandikwa pembeni ya majina.* Kama munasoma maneno, ni mubaya. Kama ni bcrypt, mutaona safu ya herufi 60 inayoanza na alama kama $2b$12$ au $2y$12$. Hiyo 12 njo uzito. Argon2 inaanza na $argon2id$.

2. *Kuna safu mbili zinazofanana?* Zikifanana, chumvi hakuna.

3. *Kinu ulikitoa wapi?* Jibu zuri ni: « Nilitumia kile kinachojulikana. » Kama programu imeandikwa kwa PHP, kazi mbili zinatosha, password_hash na password_verify, ziko tangu 2013, na chumvi zinajitilia zenyewe. Jibu baya ni: « Nilitunga changu, hakuna anayekijua. » Kufuli lililotungwa usiku mumoja, mwingine atalifungua asubuhi.

4. *Mutu akikosea mara nyingi, inakuwaje?* Kisha makosa 5, mulango ufungwe kwa dakika chache, na jambo hilo liandikwe.

5. *Mutu akisahau neno lake, unafanya nini?* Jibu zuri: « Ninamupa la muda, na programu inamulazimisha alibadilishe palepale. » Jibu baya: « Ninamuangalizia. »

6. *Kopi ziko wapi?* Kopi ya akiba katika kle USB iko na tablo ileile. Kle inayozunguka kutoka mufuko mumoja kwenda mwingine ni depo isiyo na mulango.

Kama munayo ordinatere moja na faili ya Access

Koperative ndogo mara nyingi ina ordinatere moja, pano ya jua, na faili moja ya Access. Kesi niliyoeleza ilikuwa ya namna hiyo. Hapa lazima kusema wazi: ukurasa wa kuingilia uliotengenezwa na fundi ndani ya Access hauko ukuta. Ni pazia. Anayeshika Shift anaurukia, na anayechukua faili kwa kle USB anaifungua nyumbani kwake polepole. Tena, bcrypt na Argon2 haziko ndani ya Access.

Kwa hiyo njia iliyo salama zaidi ni kutoweka tablo ya maneno ya siri hata kidogo. Fanyeni hivi:

Kwanza, kila mutu anayeandika apate konti yake katika Windows, na neno lake. Windows ijue ni nani ameingia, na programu ichukue jina hilo. Kazi ya kuchunga mulango tunaiachia anayeijua.

Pili, fungeni faili yote kwa neno la siri la Access lenyewe. Tangu Access 2007, jambo hilo linageuza yote yaliyomo yasisomeke pasipo neno. Neno hilo liandikwe katika karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi, katika sanduku la koperative. Wale walio katika AVEC munajua sanduku la kufuli tatu na watu watatu wenye funguo. Bahasha ikae humo.

Tatu, boni ya karatasi ibaki. Mfuko hauingii wala hautoki pasipo boni yenye sahihi mbili. Wale wanaojua neno la faili bado wanaweza kubadilisha mandishi, na ni karatasi itakayowaonyesha.

Siku koperative inakua, na watu wengi wanaandika kwa mashine mbalimbali, hapo mwombe fundi ahamishie baze ya data kwenye mashine ya kati ambayo memba hawaigusi faili yake, na maneno ya siri yatwangwe kwa bcrypt au Argon2.

Kama maneno tayari yako wazi

Musifute tablo kwa hasira. Fuateni mustari huu. Fundi atwange maneno yote kwa kinu kizuri, kisha aondoe safu ya maneno ya wazi. Katika Access, vilivyofutwa vinaweza kubaki ndani ya faili mpaka ikandamizwe. Kwa hiyo akandamize faili kisha kufuta. Kopi za zamani zote, katika kle na katika barua za intaneti, ziharibiwe. Na kila mutu abadilishe neno lake, sababu lile la zamani limekwisha kuonekana. Aliyekuwa analitumia pia kwa telefone abadilishe kode ya telefone siku ile ile, mbele ya kurudi nyumbani.

Katika ile koperative ya mifuko 14, hatua hiyo ya mwisho tulianza nayo. Mama mutunza depo alibadilisha kode yake chini ya muembe, na wenzake sita wakafuata.

Sheria nayo inasema

Tangu 2012 inchi yetu iko katika OHADA, na koperative zetu zinafuata sheria yake ya koperative iliyotiwa sahihi Lomé mwaka 2010. Na Kongo ina Kanuni ya numeriki, Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, yenye sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu. Anayekusanya majina, telefone na hesabu za memba ana wajibu wa kuzilinda. Wajibu huo ni wa koperative. Kusema « fundi njo alifanya hivyo » hakutoshi.

Ya kukumbuka

– Programu nzuri haijui neno lako. Inajua unga wake tu.
– Nyota katika kioo zinazuia jirani, hazizuii mwizi.
– Kutwanga, chumvi, na polepole: vyote vitatu pamoja.
– Kode ya feza ya telefone haiingii katika programu ya koperative.
– Jina katika mashine ni ushuhuda tu kama hakuna mwingine aliyeweza kuingia kwa jina hilo.
– Boni ya karatasi inabaki.

Kazi ya kufanya katika mukutano

Memba yeyote anaweza kufanya jaribio hili, hata yule asiyejua kusoma. Wale wenye kuingia katika programu, mumoja aende kwa sekretere au kwa fundi na aseme: « Nimesahau neno langu la siri. » Kisha asikilize.

Akijibiwa « tutakupa jipya », murudi nyumbani kwa amani. Akijibiwa « ngoja, lako ni hili », basi mushukuru sekretere kwa roho nzuri, na siku ileile mumuite fundi. Kile sekretere anaweza kukusomea, mwizi naye anaweza kukisoma.

Kisha zungumzeni pamoja: Kwetu, ni nani anaandika katika mashine? Ni nani anaweza kuchukua faili kwa kle? Mifuko ikikosekana kesho, na jina lako likaonekana, utaonyesha nini ili ujitetee?

Namba inayokuja tutarudi ndani ya mifuko yenyewe: namna ya kujua kwa mukono na kwa chumvi kama mahindi yamekauka kabisa mbele ya kuingia depo. Ndiyo, chumvi tena. Mubaki muzuri, na kazi njema mashambani.